Wanaitikia "ndiyo mwalimu", kesho hawakumbuki kitu: mwongozo kamili wa kufundisha kwa kufuata jinsi watu wanavyojifunza

Nianze na kilichonikuta mimi mwenyewe. Kuna mwaka nilipewa darasa la tano, watoto themanini na kitu chumba kimoja, dawati moja wamebanana wanne, mada ni sehemu. Nikaeleza, nikachora duara ubaoni nikaligawa, nikafanya mifano mitatu, nikauliza "tumeelewa?" darasa zima likaitikia "ndiyooo mwalimu", nikafuta ubao nikarudi ofisini roho kwatu. Jumatatu yake nikawapa swali moja tu, nusu jumlisha theluthi moja. Zaidi ya nusu ya madaftari yalikuwa na jibu 2/5, yaani mtoto kajumlisha za juu, kajumlisha za chini, kaweka mstari katikati. Na ukiiangalia vizuri hiyo 2/5 ni ndogo kuliko nusu aliyoanza nayo! Ameongeza kitu kikapungua na hakushtuka.

Iliniuma sana maana nilikuwa najua nimefundisha. Ndipo nikarudi kwenye yale madaftari ya chuo cha ualimu, zile nadharia za Pavlov na mbwa wake, Skinner, Piaget, Vygotsky, watafiti waliochunguza jinsi watu na wanyama wanavyojifunza, ambazo wengi wetu tulizikariri tukafaulia pepa tukaziacha hukohuko. Nikaanza kuzisoma upya nikiwa na swali moja tu kichwani, hii inanisaidiaje Jumatatu asubuhi kwenye kile chumba? Haya ninayokuandikia ndiyo yaliyobaki baada ya kuyajaribu. Nitatumia mada ya sehemu mwanzo hadi mwisho ili tusipotezane, wewe weka yako, iwe usanisinuru, ngeli au ukoloni.

Hatua ya kwanza: chungulia kichwani kabla hujaweka kitu

David Ausubel, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1968 kwamba kitu kikubwa kuliko vyote kinachoamua mtu atajifunza nini ni kile anachokijua tayari. Jean Piaget wa Uswisi alishaeleza jambo linalokaribiana na hilo zamani zaidi: mtoto akikutana na kitu kipya kwanza anakilazimisha kiingie kwenye mawazo aliyonayo, kikigoma kabisa ndio anayabadilisha mawazo yenyewe. Sasa huyu wa darasa la tano ameishi miaka yote na namba nzima, nne ni kubwa kuliko mbili, kanuni hiyo haijawahi kumuangusha tangu chekechea. Ukimwandikia 1/4 na 1/2 atakwambia 1/4 ndio kubwa. Tafadhali usimuite mjinga, anatumia akili vizuri kabisa, ila kanuni yake imefika mahali haifanyi kazi na hakuna aliyemwambia.

Kwa hiyo siku mbili za shule kabla ya kuanza mada chukua dakika kumi za mwisho za kipindi, gawa vipande vya karatasi, uliza maswali matatu bila maksi. Mimi kwa sehemu natumia haya: ipi kubwa kati ya 1/4 na 1/2 na kwa nini unasema hivyo, chora theluthi mbili za chapati, mama alikuwa na nusu kilo ya sukari akaongeza robo kilo, sasa ana kiasi gani. Ukizikusanya usianze kuweka vema na kosa, zipange mafungu kulingana na aina ya kosa. Fungu la waliosema robo kubwa, fungu la waliochora vipande visivyolingana, fungu la waliojumlisha juu na chini. Karatasi themanini ni kama nusu saa ukiwa na kikombe cha chai pembeni, na ukimaliza unajua kipindi chako cha kwanza kinaanzia wapi, tena mara nyingi sio pale kitabu kinapoanzia.

Kama una mtoto mdogo nyumbani wa miaka minne mitano jaribu lile jaribio la Piaget, ni zuri sana. Weka juisi sawa kwenye glasi mbili zinazofanana, akubali ziko sawa, halafu mbele ya macho yake mimina moja kwenye glasi ndefu nyembamba, muulize ipi ina nyingi. Wengi wanaonyesha ile ndefu. Ila usiende mbali ukaanza kusema "huyu hajafikisha umri wa kuelewa hiki", utafiti uliofuata ulionyesha watoto wengi wanaweza mambo mapema kuliko alivyodhani Piaget, swali likiulizwa kwa namna inayoeleweka kwao.

Hatua ya pili: usimjaze, kichwa kina mlango mwembamba

Mwaka 1956 George Miller aliandika kwamba tunaweza kushika vitu kama saba hivi kwa wakati mmoja, zidisha au punguza viwili. Nelson Cowan mwaka 2001 akasema hata hivyo saba ni vingi, kwa vitu vipya kabisa ni kama vinne. John Sweller wa Australia kuanzia miaka ya 1980 akajenga nadharia nzima juu ya hilo, kwamba mwalimu akirundika mambo mapya mengi kwa mpigo mtoto anazidiwa mzigo na hakuna kinachoingia, hata awe na bidii vipi.

Hebu hesabu mtoto anabeba nini kwenye nusu jumlisha theluthi moja. Asili (namba ya chini) ni nini, kiasi (namba ya juu) ni nini, KDS (Kigawe Kidogo cha Shirika) inatafutwaje, kwa nini natafuta KDS, nikishaipata nazidisha na nini, halafu za juu nazifanyaje, za chini naziacha. Hapo umeshapita vinne zamani, na mwalimu anaongea huku mtoto ananakili ubaoni asije akachelewa ubao ukafutwa. Kunakili na kusikiliza kwa pamoja ni kazi mbili zinazogombania mlango mmoja, hii tabia tuiache kabisa. Eleza kwanza kalamu zikiwa chini, halafu wape muda wa kuandika ukiwa umenyamaza.

Dawa ya Sweller ni rahisi na haina gharama. Fanya mfano mmoja mzima ubaoni, kila hatua ionekane, usiruke hata ile unayoiona ya kitoto. Wa pili ufanye nusu, watoto wamalizie hatua mbili za mwisho. Wa tatu anza mstari mmoja tu wamalizie wote. Wa nne wao wenyewe. Sisi wengi tunafanya mfano mmoja halafu tunatupa maswali kumi, hapo katikati kuna shimo na watoto wanatumbukia humo. Na unapofanya ule wa kwanza ongea mawazo yako kwa sauti, "naangalia hizi asili, mbili na tatu, hazifanani, kwa hiyo siwezi kujumlisha bado, natafuta namba inayogawanyika kwa zote..." Albert Bandura alionyesha tangu mwaka 1961 kwamba watoto wanaiga wanachomwona mtu mzima akifanya, sasa kufikiri hakuonekani mpaka ukuseme.

Hapa lazima nigusie lugha maana kwa Tanzania ndio mzigo mzito kuliko yote. Mtoto amesoma sehemu kwa Kiswahili miaka yote ya msingi, anaingia kidato cha kwanza anakutana na kitu kilekile kwa Kiingereza, ile nafasi yake ya vitu vinne tayari imeliwa na maneno kabla hesabu haijaanza. Kama unafundisha sekondari, eleza wazo kwa lugha wanayoielewa kwanza, waulizane kwa lugha hiyo, likishakaa ndipo ulete maneno ya mtihani, machache machache, yaandike pembeni ya ubao yakae pale wiki nzima. Najua wapo wakuu wanaokataza Kiswahili darasani. Lakini kichwa hakijui sheria ya shule, wazo lisipoeleweka linabaki sauti tu.

Hatua ya tatu: anza na mkono, kisha picha, namba zije mwisho

Jerome Bruner miaka ya 1960 alisema tunashika mambo kwa njia tatu, kwa kutenda, kwa picha, na kwa alama. Alama ndio ya mwisho, ila sisi tunaanza nayo kwa sababu chaki iko mkononi.

Kwa sehemu huhitaji zana za duka. Kila mtoto achane karatasi mbili za daftari zinazolingana. Ya kwanza akunje vipande viwili sawa, hiyo nusu. Ya pili akunje vipande vitatu sawa (hii inawapa shida, waache wahangaike, kule kuhangaika kutafuta vipande vilingane ndio somo lenyewe). Sasa waambie waweke nusu na theluthi pamoja, waseme ni ngapi. Watakwama maana vipande havifanani ukubwa. Mwache akwame dakika moja nzima, usimuokoe. Atakuja mmoja aseme "tukate vidogo zaidi vilingane", hapo ameivumbua KDS kabla hujaitaja jina. Wakikunja zote mpaka vipande sita, nusu inakuwa vitatu, theluthi inakuwa viwili, jumla vitano kati ya sita. Chora hivyo ubaoni. Andika 5/6 mwisho kabisa.

Kuna utafiti mmoja naupenda sana, uliochapishwa mwaka 1985, ulifanywa mji wa Recife huko Brazili na Terezinha Carraher na wenzake. Walienda kwa watoto watano wanaouza vitu mtaani, umri miaka 9 mpaka 15, wakanunua kama wateja wa kawaida. Mtoto wa miaka 12 anauza nazi, moja cruzeiro 35, wakamuuliza kumi ni shilingi ngapi kwa pesa zao. Akahesabu kwa mdomo, tatu ni 105, tatu nyingine 210, akaenda hivyo mpaka 350. Kwa maswali ya namna hiyo mtaani watoto wale walipata asilimia 98. Baadaye wakapewa hesabu za aina ileile kwenye karatasi, kavu bila nazi, wakapata asilimia 37. Watoto walewale!

Ukikaa sokoni kwetu unawaona hao hao, mtoto anapimia karanga na kurudisha chenji bila kukosea halafu darasani anapewa sifuri. Mwalimu Nyerere mwaka 1967 kwenye Elimu ya Kujitegemea alililalamikia hili, kwamba shule inamfanya mtoto aone maarifa ya maana yako vitabuni na kwa waliosoma tu. Kwa hiyo waulize nyumbani wanauza nini, wanapima nini, robo kilo, nusu lita, vipande vya muwa, anzia hapo. Ila usiishie hapo, hili ndio kosa la pili, maana mtihani ni wa namba kavu na lazima uwavushe kutoka kwenye nazi mpaka kwenye alama, hatua kwa hatua, ukiviweka viwili hivyo upande kwa upande ubaoni.

Hatua ya nne: akae na mtu, lakini kwa mpango

Lev Vygotsky alifariki mwaka 1934 kwa kifua kikuu akiwa na miaka 37 tu, na wazo lake kubwa ni hili: kuna mambo mtoto anayaweza peke yake, kuna asiyoyaweza hata afanyeje, na katikati kuna yale anayoyaweza akishikwa mkono kidogo. Fundisha pale katikati. Rahisi sana anasinzia, ngumu sana anakata tamaa.

Mtasema darasa la themanini nitamshika nani mkono? Wenzake ndio watakaomshika. Mimi nawapanga wawili wawili, yule anayeweza kiasi na anayesumbuka kidogo, sio bingwa wa darasa na wa mwisho, maana bingwa huwa anatoa jibu tu bila kueleza na yule mwingine ananakili. Kazi ina sheria moja, anayeshika kalamu ndiye anayesumbuka, mwenzake anaelekeza kwa mdomo tu. Dakika sita, kisha nataja dawati lolote na yule mwenye kalamu ndiye anayejibu. Makundi ya watu nane nane nimeyaacha, wanafanya wawili sita wanapiga stori.

Na kama umewahi kumuangalia fundi cherehani anavyomfundisha kijana unajua hii habari ilivyo. Mtafiti Jean Lave alikaa na mafundi cherehani wa Liberia, akaona mwanafunzi anaanzia mwisho wa nguo, kuweka vifungo na kupinda upindo, halafu kushona vipande, kukata kitambaa kunakuja mwisho kabisa maana ukikosea kukata umepoteza kitambaa cha mteja. Kila siku anaona nguo nzima ikimalizika, anajua anakoenda. Na wewe mtoto aone mwisho wa kazi mapema, mpe afanye hatua ya mwisho kwanza kwenye hesabu ambayo wewe umeshaifanya karibu yote.

Hatua ya tano: mwache avute mwenyewe kutoka kichwani (kama una muda wa kufanya moja tu, fanya hii)

Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijifanyia majaribio yeye mwenyewe, akikariri silabi zisizo na maana kisha kupima itamgharimu kiasi gani kuzijifunza upya, akachapisha matokeo mwaka 1885. Baada ya saa moja zaidi ya nusu ya ile kazi ilikuwa imepotea, baada ya siku moja kama theluthi mbili. Ni kweli silabi zisizo na maana zinatoka haraka kuliko somo lenye maana, lakini umbo ni lilelile, kusahau kunakimbia sana mwanzoni halafu kunapunguza mwendo. Ndio maana Jumanne ukiuliza cha Jumatatu wanakutazama tu.

Sasa sikiliza hii. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke huko Marekani waliwapa wanafunzi wa chuo habari ya kusoma. Kundi moja likasoma vipindi vinne mfululizo. Lingine likasoma kipindi kimoja, vitatu vilivyobaki wakawa wanaandika wanachokumbuka bila kuangalia. Wakipimwa baada ya dakika tano, waliosoma tu walikumbuka asilimia 83 na wale wengine 71. Ungesema kusoma kunashinda. Baada ya wiki moja waliosoma tu wameshuka hadi 40, waliojipima wako 61. Na kilichonigusa zaidi ni kwamba wale waliosoma tu ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka. Ile raha ya kurudia kusoma notsi, kila kitu unakiona unakijua, inadanganya. Na "ndiyo mwalimu" ni udanganyifu huohuo, hawasemi uongo, wanajisikia kweli wameelewa.

Kwa hiyo kila kipindi changu kinaanza na dakika tano za madaftari kufungwa. Maswali matatu, moja la jana, moja la wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita. Wanaandika nyuma ya daftari, kimya, kila mtu. Kisha wanabadilishana na jirani, natoa majibu, wanasahihishana, mimi sikusanyi na siandiki maksi popote. Hakuna maksi maana nikiweka wataanza kuibia na ile kazi ya kuvuta inakufa. Hii haiongezi kusahihisha hata daftari moja.

Katikati ya kipindi acha kabisa "mmeelewa?". Uliza swali lenye majibu manne, wafumbe macho, waonyeshe vidole kifuani, kimoja mpaka vinne. Sekunde kumi umeshaona darasa zima. Au uliza swali, hesabu kimoyomoyo mpaka tano, ndipo utaje jina. Mary Budd Rowe miaka ya 1970 aligundua walimu wengi wanasubiri kama sekunde moja tu, na wakifikisha tatu au zaidi majibu ya watoto yanakuwa marefu na wengi zaidi wanajaribu. Ukitaja jina kwanza waliobaki wote wanapumzika.

Kwenye azimio la kazi andika kabisa lini mada itarudi: kesho yake, baada ya siku nne, baada ya wiki mbili, baada ya mwezi. Usipoiandika hairudi, muhtasari unakusukuma mbele. Na kwenye mazoezi changanya, usitoe maswali ishirini ya kujumlisha sehemu mfululizo, weka kujumlisha, kuzidisha, kulinganisha, humo ndani tupia hata la eneo. Watakosea zaidi siku hiyo na utatamani kurudi kwenye mtindo wa zamani, vumilia. Kwenye maswali yanayofanana mtoto hachagui njia, anarudia tu, na kwenye mtihani kazi ya kwanza ni kuchagua njia.

Hatua ya sita: fimbo, sifa na vile vitu vya "huyu anajifunza kwa kusikia"

Skinner aliuona mchezo wa tuzo kwa panya na njiwa: tendo likifuatiwa na kitu kizuri linarudiwa. Inafaa kwa mazoea, kuwahi, kuleta daftari, kuinua mkono. Sifia kitu kamili na papo hapo, "umeona asili hazifanani ukasimama kwanza, vizuri", sio "mpigieni makofi" kila dakika. Fimbo kwa jibu baya inafundisha kitu pia, inafundisha kunyamaza, na mbwa wa Pavlov, aliyezoea sauti inayotangulia chakula mpaka akawa anadondosha mate kwa kuisikia tu, anakueleza kwa nini, hesabu na maumivu vikitokea pamoja mara nyingi hesabu yenyewe inaanza kutisha. Mtoto anayeogopa anatumia zile nafasi zake nne kukuangalia wewe usoni. Siwezi kufanya hatua ya tano kwenye darasa la namna hiyo, maana hatua ya tano inahitaji watu wanaothubutu kukosea.

Na ile kugawa watoto wa kuona, wa kusikia, wa kugusa, iacheni. Harold Pashler na wenzake waliipitia mwaka 2008 hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba kufundisha kila mmoja kwa "mtindo wake" kunasaidia. Wote waone, wote washike, wote waseme.

Wiki ya kwanza ya mada, ukishazoea, ikae hivi

Alhamisi ya kabla: maswali matatu kwenye karatasi, mafungu. Jumatatu: kukunja karatasi, picha, hakuna kanuni bado. Jumanne: dakika tano madaftari yamefungwa, kisha mfano mzima, mfano nusu, wawili wawili. Jumatano: vidole kifuani katikati ya somo, mazoezi machache yenye mchanganyiko. Alhamisi kaa na wale wa fungu la "juu na chini" wengine wakiwa na zoezi. Ijumaa maswali matatu, na la mwezi uliopita lisikosekane. Kama ndio unaanza kabisa, usianze na hatua zote sita, utachoka wiki ya pili uache, anza na ile dakika tano peke yake mpaka darasa lizoee kiasi kwamba wakikuona mlangoni wanafunga madaftari.

Baada ya mwezi toa nusu jumlisha theluthi moja bila kutangaza. Bado watakuwepo wa 2/5, kwangu huwa wapo kila mwaka. Usimweleze kanuni tena, ameshaisikia. Mpe karatasi ya kukunja, muulize tu, "ulianza na nusu, ukaongeza, imepunguaje?" halafu unyamaze, hata kama kengele inakaribia kugonga.